Tusomane Kazi: Wito kwa Wanaoandika Programu Unguja

Nawaandikia nyinyi mnaoandika programu za kompyuta katika kisiwa hiki. Mliopo chuo kikuu cha SUZA kule Tunguu na mliopo Taasisi ya Karume pale Mbweni, mnaohangaika na mifumo ya ofisi za serikali mjini, mliokodi meza Fumba, na nyinyi ambao ofisi yenu ni kona ya chumba Fuoni au Mwanakwerekwe: feni moja, kompyuta ya mtumba, na bando linalokwisha kabla ya wiki kwisha. Nawaandikia pia wakubwa wanaowaajiri na wazee wanaowalipia ada. Ombi langu ni moja. Tuanze kusomana kazi. Tukae wawili, watatu, watano, tufungue kile mmoja wetu alichokiandika, tukisome mstari baada ya mstari, na tuambiane kweli.

Naliomba hili kwa sababu njia tunayoifuata sasa hainipi raha. Kijana mwenye kipaji anafika mwezi wa tatu wa kujifunza, na tayari jina lake linamshughulisha kuliko kazi yake. Picha za skrini anazo, za semina za siku moja anazo, wafuasi mtandaoni wanaongezeka. Ukimuuliza programu yake hufanya nini umeme ukikatika katikati ya malipo, ananyamaza. Simlaumu hata kidogo. Sisi ndio tuliomzoesha, kwa kumpigia makofi pale alipohitaji swali.

Sisemi kwamba kujulikana ni dhambi. Anayekaa mbele ya kamera akawaeleza wadogo zake kwa Kiswahili chepesi namna programu inavyorudia jambo lile lile mara mia bila kuchoka, huyo anatoa sadaka, na ninamwombea aongezewe watazamaji. Tatizo linakuja pale idadi ya watazamaji inapochukua nafasi ya kipimo, tukaacha kuuliza kama kitu chenyewe kinafanya kazi.

Kusomana kazi hapa Zanzibar si jambo la kubuni. Limeshafanyika, na likafanyika vizuri, ingawa halikufanywa na watu wa kompyuta peke yao. Mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar ilianza kuimarisha mfumo wake wa taarifa. Wakati ule kila mpango ulikuwa na fomu zake na njia yake ya kupeleka takwimu: malaria huku, chanjo kule, UKIMWI kwengine. Wizara ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, ikaanza kutumia DHIS, programu huria ya takwimu za afya iliyoanzia Afrika Kusini na ambayo toleo lake jipya leo linatumika katika nchi zaidi ya 70. Programu ilisaidia. Lakini kilichobadilisha mambo zaidi, kwa jinsi ninavyolielewa jambo hili, ni mikutano. Kila robo mwaka timu za afya za wilaya zilikutana, kila timu ikasimama mbele ya wenzake na takwimu zake yenyewe, na wenzake wakazihoji. Kwa nini watoto mliowachanja ni wengi kuliko watoto mlionao? Kwa nini kituo hiki hakina hata namba moja mwezi mzima? Maswali ya namna hiyo, yakiulizwa na mtu anayeifanya kazi ile ile katika wilaya ya jirani, huwezi kuyakwepa kwa maneno matamu.

Mwaka 2012 Jørn Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay waliandika habari za mikutano hiyo katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Walionyesha kwamba ubora wa takwimu ulipanda, na kwamba watu walianza kuzitumia takwimu zao badala ya kuzipeleka juu na kuzisahau. Siri yake ni nyepesi. Ukijua kwamba robo mwaka ijayo mwenzako atakisoma ulichokiandika, unakiandika vyengine. Na ukishazoea kuhojiwa, unaanza kujihoji mwenyewe kabla hujafika mkutanoni. Wale maofisa wa wilaya hawakuwa na jina mitandaoni, na sidhani kama kuna kijana wa programu hapa mjini anayeweza kumtaja hata mmoja wao. Kazi yao ndiyo iliyobaki.

Kinachotuzuia sisi ni woga wa kukosolewa. Tunaogopa kwamba anayeonyesha kosa amekudharau, na anayeonyeshwa amevunjiwa heshima. Lakini wengi wetu tumelelewa na utaratibu wa kukosolewa tangu tuna miaka mitano. Kwenye chuo cha Kurani, juu ya mkeka, mtoto husoma mbele ya mwalimu, na akiteleza kwenye herufi moja tu mwalimu humrudisha. Anasoma tena. Akiteleza tena, anarudishwa tena, wenzake wote wakisikia, na wanafunzi wakubwa huwashika wadogo mpaka ulimi unyooke. Mtoto hasemi ametukanwa, na mzazi haendi kugomba. Wote wanajua kwamba kinachosomwa kina uzito kuliko nafsi ya anayesoma. Programu inayoshika dawa za mgonjwa au fedha za mjane nayo ina uzito kuliko nafsi ya aliyeiandika, na inastahiki kurudishwa kwa upole ule ule na ukali ule ule.

Ndugu zetu wa nchi nyengine wameshapita katika mtego huu, na mtu mwenye akili hujifunza kwa yaliyomfika jirani. Oktoba 2020, katika shughuli ya kila mwaka iitwayo Hacktoberfest, waandaaji waliahidi fulana kwa yeyote atakayepeleka michango minne kwenye programu huria. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake, watunzaji wa programu hizo, ambao wengi wao hujitolea, walifurikiwa na maelfu ya michango isiyo na maana: mtu ameongeza neno moja kwenye maelezo, mwengine amebadilisha nukta. Ilibidi masharti yabadilishwe mwezi ule ule. Kisha kuna nyota za GitHub, alama ambazo watu huzipa kazi wanazozipenda. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wao, wakakuta nyota zipatazo milioni 4.5 zinazotiliwa shaka kuwa ni za bandia, nyengine zikipamba programu za kuhadaa watu. Ukifanya alama kuwa ndiyo thamani, soko la alama hufunguliwa siku ya pili.

Lakini kisa ninachowaomba mkikumbuke ni cha Machi 2024. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, imo ndani ya kompyuta zisizohesabika zinazotumia Linux, seva za benki na za serikali zikiwemo. Kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Tangu mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akawa anachangia kazi nzuri, kwa adabu, mwezi baada ya mwezi. Akajenga jina. Zikatokea na akaunti nyengine zisizojulikana kumlalamikia Collin kwamba anachelewa na kwamba anahitaji msaidizi. Mwishowe Jia Tan akapewa ufunguo wa nyumba, na ndani ya matoleo ya mwaka 2024 akaficha mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika seva za watu duniani kote.

Aliyeugundua mlango huo ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mimi na wewe tungelaumu mtandao tukaendelea na shughuli zetu. Yeye aliijua mashine yake, akajua kiasi gani cha kazi kinastahiki kufanyika hapo, akachimba mpaka akafika kwenye msimbo uliofichwa, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Upande mmoja palikuwa na sifa iliyojengwa kwa takriban miaka mitatu, upande wa pili mtu mmoja aliyeijua kazi yake kwa kina. Bila ya kile kina, sifa ingeshinda.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu kina cha kisiwani kina mambo yake ambayo hakuna semina ya Nairobi wala ya San Francisco itakayotufundisha. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Mei 2008, waya wa umeme wa baharini ulipokatika na Unguja nzima ikakaa gizani karibu mwezi mmoja. Waya ule ulikuwa umelazwa mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni bara mpaka Ras Fumba, ukatuhudumia mpaka ukachoka. Desemba 2009 ukashindwa tena, na mara hii giza likaendelea mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, tukapanga ndoo visimani. Waya mpya mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2013. Na Mei 2024 ilikuwa zamu ya intaneti: nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, Afrika Mashariki yote ikapungukiwa, na sisi pamoja nayo.

Kwa hiyo anayeandika programu Unguja huku akidhani mtandao upo muda wote, anaiandikia nchi nyengine. Programu yetu inastahiki kujua kukaa bila mtandao na kuendelea na kazi, kisha mtandao ukirudi ipeleke ilichokihifadhi bila kupoteza na bila kukirudia. Maneno hayo ni mepesi kuyasema. Kuyatenda ni kazi ya miezi. Wahudumu wawili wamebadilisha taarifa za mama mmoja kwenye simu mbili wakati hazina mtandao; zikikutana seva, ipi ifuatwe? Simu moja saa yake haiko sawa. Utajuaje lipi lilitangulia?

Haya si maswali ya darasani tu. Katika mpango wa Jamii ni Afya wa Zanzibar, wahudumu wa afya wa kujitolea zaidi ya 2,000, Unguja na Pemba, hupita nyumba kwa nyumba na simu mkononi kuwafuatilia wajawazito na watoto wadogo. Programu wanayotumia imejengwa juu ya msingi huria, na imetengenezwa tangu mwanzo ifanye kazi pasipo mtandao: simu huhifadhi kila kitu yenyewe, kisha hupatanisha na seva wakati wa nafasi. Msimbo wa msingi ule uko wazi kwa yeyote kuusoma. Hebu fikirieni: kazi inayogusa mama wa Makunduchi na mama wa Mkoani inaweza kusomwa leo usiku na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Tunguu, bure, bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Ni wangapi wetu tumeifungua? Ninatamani kila kikundi cha programu kisiwani kichague mfumo mmoja huria wa namna hii, kiusome kwa mwaka mzima mpaka kiujue hasa, na kisha kirekebishe humo jambo moja dogo linalowasumbua watumiaji. Faida yake inazidi ile ya programu kumi za kuagizia chakula zisizopata mteja.

Kuna mfano mwengine unaonipa matumaini, na huu ni wa vijana wenyewe. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilivipiga picha visiwa vyote kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliofunzwa kuzirusha na kuzitengeneza picha zake. Picha zilitoka kwa undani wa sentimita chache, na zikawekwa wazi. Ndege zilivutia watu, bila shaka. Kila mtu alitaka kuziona zikiruka. Kazi iliyofuata haikuwa na watazamaji. Vijana walikaa mbele ya skrini wakichora mipaka ya kila jengo, paa baada ya paa, Mji Mkongwe ambako nyumba zimebanana hata huoni uchochoro, na shamba ambako mwembe umefunika nusu ya banda. Mwaka 2018 michoro hiyo ilitumika katika mashindano ya kuifundisha akili mnemba kutambua majengo kutoka angani na kuyagawa mafungu matatu: lililokamilika, lisilokamilika, na msingi mtupu. Mashine ya watu wa mbali ilijifunza kwa sababu ya macho ya vijana wetu na subira yao. Aliyewahi kuchora paa 1,000 anaijua data kuliko aliyesikiliza hotuba 1,000 juu ya data.

Naitaja akili mnemba kwa makusudi. Siku hizi mtu anaiomba imwandikie programu, inamwandikia, na inapendeza machoni. Kuandika kumekuwa rahisi, basi thamani imehamia kwenye kusoma: ni nani atakayeutazama msimbo ule akasema hapa pana hatari? Chukueni mfano wa malipo. Mtu amebonyeza sehemu ya kulipa, mtandao umezubaa, amebonyeza tena. Programu iliyoandikwa kwa haraka itamkata mara mbili. Iliyoandikwa na anayejua huyapa malipo hayo namba ya muamala kabla ya kutuma chochote, na seva ikiiona namba ile ile mara ya pili hurudisha jibu la mwanzo bila ya kugusa fedha tena. Kosa hili halionekani kwenye maonyesho, kwa sababu mtandao wa ukumbi wa maonyesho ni mzuri. Linaonekana Nungwi mwezi wa Agosti, wageni wamejaa, na mwenye nyumba ya wageni anagombana na mteja asiyemjua.

Wanaosomana kazi huyaona mambo haya, na huona na yale ambayo mtu mmoja hawezi kuyaona. Aliyekulia Shangani huenda akaandika fomu inayodai jina la mtaa na namba ya nyumba, mwenzake wa Kitogani akamwambia kwamba kwao watu hutambulishana kwa shehia na kwa sheha. Mmoja ataweka nafasi mbili za jina, mwengine atamuuliza jina la babu liende wapi. Mmoja ataandika kwamba boti inaondoka saa 1, asijue kwamba mgeni atasoma saa saba mchana na mwenyeji atasoma asubuhi. Huu ni ujuzi wa kiufundi kamili, tena ni ujuzi ambao sisi tunao na wengine hawana. Ukikaa peke yako na wafuasi wako, haukujii.

Tuna msemo wa wazee: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naupenda, na kwa adabu yote kwa wazee naona umepungua kitu. Chema hujiuza pale ambapo mnunuzi anajua kutazama. Mnunuzi asiyejua hununua kinachojitembeza, na aliyekaa kimya na chema chake analala njaa. Ndiyo maana wito huu hauwezi kuwa wa vijana peke yao.

Nyinyi wakubwa wa ofisi, wenye mahoteli, wenye kampuni, na nyinyi mliokuja na mpango wa Silicon Zanzibar uliozinduliwa mwaka 2022 kuvuta kampuni za teknolojia Fumba: mnapotafuta kijana wa kazi, muombeni akuonyesheni kitu alichokiandika, kisha mkae naye saa nzima akusomeeni. Muulizeni kwa nini alichagua hivi asichague vile. Muulizeni kilichoharibika na alivyokitengeneza. Kama hamna mtu wa kuuliza maswali hayo, mkodini kwa siku moja. Gharama yake ni ndogo kuliko mfumo utakaolala miezi sita baada ya kuzinduliwa. Na mkishamwajiri, mpeni saa za kujifunza ndani ya saa za kazi. Msimgeuze fundi wa kuchomeka projekta kwenye mikutano.

Walimu wetu, nawajua, mna wanafunzi wengi na kompyuta chache. Lakini mtihani wa kuandika msimbo kwenye karatasi haumjengi mtu kama kupewa programu ya mwenzake iliyoharibika akaambiwa aitengeneze. Mpeni mwanafunzi alama kwa kosa alilolikuta katika kazi ya mwenziwe na kulieleza vizuri. Jambo hili halihitaji bajeti.

Na kuna kundi ambalo mfumo wa makofi unalionea kuliko wote. Wasichana wengi wanaosoma kompyuta hapa kwetu ni hodari, na wengi wao hawana hamu ya kusimama jukwaani wala kuweka sura zao mtandaoni. Wengine wazazi hawatawaruhusu kwenda kwenye mikusanyiko ya usiku, na hilo ni haki yao. Tukipima watu kwa kelele, tunawafuta hawa kabla hawajaanza. Meza ya kusomana kazi, mchana, mlango wazi, watu watano, ni mahali ambapo msichana wa Bububu mwenye sauti ndogo anaweza kuonyesha kosa katika kazi ya mkubwa, na mkubwa akashukuru. Nimemuona mmoja akifanya hivyo, kwa sentensi mbili tu, na waliokuwapo wote walivuta viti karibu na kompyuta yake.

Basi tufanyeje? Sina haja ya kuanzisha jumuiya yenye katiba na mwenyekiti. Tunazo za kutosha. Watu wasizidi sita, kwa sababu wakizidi itageuka hotuba. Kila mara mmoja alete kazi yake, ndogo, kurasa mbili au tatu za msimbo, tena iwe haijakamilika, maana iliyokamilika mtu huitetea. Mwenye kazi asianze kwa kueleza. Wengine wasome kwanza kimya kimya, na kile wasichokielewa ndicho cha kwanza kuandikwa upya. Anayekosoa aseme kosa liko mstari gani na linaleta madhara gani kwa mtumiaji, asiseme habari za mwandishi. Asiyejua aseme sijui. Mkubwa wa meza ndiye awe wa kwanza kulisema neno hilo, ili wadogo walizoee. Simu zilazwe, picha ya pamoja isubiri. Na maelezo ndani ya programu tuyaandike kwa Kiswahili tunapoweza, ili atakayeurithi mfumo ule baada ya miaka mitano asibaki kubahatisha.

Mahali pa kukaa ndipo penye shida, kwa hivyo nawaomba wenye vyumba. Maktaba Kuu pale Maisara, skuli zenye maabara za kompyuta zinazofungwa saa nane mchana, ofisi zenye betri za akiba: fungueni chumba kimoja, alasiri moja kwa wiki. Tunahitaji meza, umeme na mtu wa kufunga mlango tukimaliza.

La mwisho ni kwenu nyinyi mlio mbali. Wazanzibari wanaofanya kazi za kompyuta wapo Muscat, wapo London, wapo Toronto, na wengi wenu hutuuliza mlete nini mkija likizo. Tupeni saa moja kwa mwezi ya macho yenu. Kikundi kitakutumieni msimbo siku mbili kabla, mtausoma kwa nafasi yenu, kisha tutapigiana simu ya video baada ya sala ya Isha. Saa mbili usiku ya hapa ni saa tatu usiku Muscat, na London bado ni jioni, kazi zimekwisha. Msitusifu. Tuambieni mstari gani una kosa.